Mwezi wa Kumleta Mama

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha Kibondo, nilibandika karatasi ya manila nyuma ya mlango wa nyumba yangu. Nilikuwa nimeigawa visanduku kumi na viwili, kila mwezi na kisanduku chake, na kila kisanduku nimekijaza kwa mwandiko mdogo: mvua, barabara, chakula, baridi, vumbi, moto wa porini. Mtu aliyezoea kupanga ratiba ya vipindi haoni ajabu kumpangia ratiba mama yake mzazi. Nilikuwa natafuta mwezi mmoja tu, ule ambao milima ya huko ingependeza kuliko miezi mingine yote, ili mama aje wakati huo na si wakati mwingine.

Sababu ilikuwa kubwa kwangu. Nilitaka kuolewa na bwana shamba wa pale Kibondo, kijana wa Kiha ambaye kwao ni juu ya milima ya Kasulu, upande wa Manyovu. Mimi kwetu Lushoto. Baba alikuwa ameshafariki, na baba zangu wadogo walikuwa wamenawa mikono: binti ni wa mama yake, mama akikubali nasi tumekubali. Mama akaniandikia kwamba hawezi kukubali wala kukataa watu ambao hajawaona. Atakuja mwenyewe, atatazama, kisha atanipa jibu. Jibu likiwa hapana, tutapanda treni pamoja kurudi nyumbani. Aliandika hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza mbegu. Mama hakuwa mtu wa hasira, na ndiyo maana nilimwogopa.

Basi nikaanza kuulizia miezi. Dereva wa lori lililotuletea sukari na chumvi kutoka Kigoma alisema Agosti, maana Agosti lori halikwami. Lakini mimi mwenyewe nilifika Kibondo mwezi wa Agosti. Nilishuka nimekuwa mwekundu kuanzia kope hadi kucha, na vilima vyote vilikuwa vyeusi kwa moto, moshi umetanda hadi huoni kanisa. Usiku wa kwanza nililia. Mama asingelia, angegeuka na kupanda lori lile lile. Mwalimu mkuu wetu alisema Desemba, kwa kuwa shule zimefungwa. Yeye alikuwa mtu wa Mwanza, na kila shule zilipofungwa aliondoka siku hiyo hiyo, kwa hiyo Desemba ya Kibondo alikuwa hajawahi kuiona hata kwa dawa.

Bwana shamba ndiye aliyenipa Juni. Alinieleza kama anahutubia wakulima: maharage yameshavunwa, mahindi yako ghalani, majani bado mabichi, vijito vimepungua, madaraja ya magogo yako mahali pake. Asubuhi kuna baridi kidogo, lakini mbingu imetakata, na mtu akisimama mlima huu anamwona anayepunga mkono mlima wa pili. Pombe ya ndizi imeiva na watu wana nafasi ya kuwa wakarimu.

"Juni hata mimi napendeza," alisema.

Nikakizungushia kisanduku cha Juni chaki nyekundu. Jirani yangu, bibi mmoja aliyevuka kutoka Burundi na watoto wake miaka michache nyuma na sasa akilima maharage nyuma ya nyumba za walimu, alikuja kuazima moto akaikuta ile karatasi. Alikuwa hajui kusoma, akanitaka nimsomee. Nikamsomea miezi yote kumi na miwili. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sasa mama wako anakuja kuangalia njia," aliniuliza, "au anakuja kuangalia wewe?"

Nikamwambia vyote viwili. "Ego," yaani ndiyo, alisema, akachukua kaa lake la moto akaenda. Nikaona hajaelewa.

Mwezi wa Januari nikamwandikia mama. Barua ilikuwa ya kurasa nne. Juni niliisifia ukurasa mmoja, kisha nikaona haitoshi, nikatumia kurasa tatu kumwogopesha na Machi. Nilitia chumvi bila haya. Niliandika habari za matope yanayovua watu viatu, malori yanayolala siku tatu kwenye mteremko mmoja, mapaa yanayovuja, ghala zilizobaki panya watupu. Niliandika kwamba Machi hata wenyeji hutamani kuhama. Mwisho nikaandika "Usije Machi" nikapiga mistari miwili chini yake. Nilipofunga bahasha niliridhika sana na kazi yangu.

Katikati ya Machi ikaja simu ya maandishi posta. Ilikuwa na maneno matatu: NIMEONDOKA NIPOKEE KIGOMA.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilipompelekea bwana shamba, naye akakaa.

"Nyumbani kwetu paa linavuja," alisema. "Nilipanga kuezeka upya kiangazi. Sasa hivi hakuna hata majani ya kuezekea."

Nilimkasirikia, kana kwamba mvua aliileta yeye. Nilimwuliza ni bwana shamba gani asiyejua kwamba Machi huja kila mwaka. Kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, nikaipata, na siku ya pili tukaondoka sote wawili kwenda kumpokea mtu ambaye angetuunganisha au kututenganisha. Kutoka Kibondo hadi Kasulu tulitumia siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo tulikuwa nyuma ya lori tukilisukuma.

Mama alishuka kwenye treni pale Kigoma amevaa mabuti ya mpira. Yalikuwa mapya, meusi, yakimfika magotini chini ya kanga zake. Alinikumbatia, akaninusa shingoni kama alivyozoea, akasema nimekonda. Kisha akamgeukia bwana shamba akamtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akaanza kumhoji pale pale, abiria wakitupita na mizigo yao. Kwenu mko wangapi? Baba yako anakunywa? Anayemchotea mama yako maji ni nani? Kijana wa watu alijibu yote, jasho likimtoka ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Alimwita "mama". Mama alimwita "kijana", na aliendelea kumwita hivyo safari nzima.

Tulilala Kasulu kwa mwalimu mwenzangu. Asubuhi tukapata lori linalokwenda Manyovu, likatupandisha mpaka tukaipita Buhigwe. Hapo kwenye mteremko wa pili au wa tatu likageuka ubavu, likazama gurudumu zima, likatulia. Dereva alizima injini akatoa mkate wake. Nilijua maana yake. Kutoka pale hadi kwa wakwe zangu watarajiwa zilikuwa saa tatu kwa miguu, milima miwili na kijito kimoja, na manyunyu hayakuwa na dalili ya kukatika.

Bwana shamba alimkatia mama fimbo. Mama akaikataa.

"Mimi nimezaliwa mlimani," alisema. "Msinifundishe kutembea."

Ni kweli alizaliwa mlimani, lakini kila mlima una udongo wake. Ule wa kule, ukilowa, huteleza kama mlenda, na mabuti mapya ya mpira hayana meno. Alitembea vizuri kwa muda wa nusu saa, mbele yetu, akituelekeza hata jinsi ya kukanyaga kwa kisigino. Kisha mguu mmoja ukaenda zake. Aliketi chini bila kupiga kelele, akavua buti, na tukaona kifundo cha mguu kinavimba tukikitazama.

Nilikaa chini ya mgomba nikashika tama. Nilimwona mama yuko kwenye matope katika mwezi niliomkataza kwa kurasa tatu, na jibu lake nililiona tayari. Niliona hata kiti nitakachokalia ndani ya treni. Nililia waziwazi, mtu mzima, mwalimu wa darasa la sita.

Bwana shamba hakunibembeleza. Alipanda juu kidogo penye uwazi, akakusanya viganja mdomoni akaita, sauti ndefu yenye maneno machache ya Kiha. Mlima wa mbele ukajibu. Sikumwona aliyejibu, nilisikia sauti tu, kisha sauti nyingine mbali zaidi ikaipokea. Akarudi akaketi karibu na mama.

"Wanakuja," alisema.

Walikuja wanaume sita na machela. Ilikuwa ya fito na mianzi, imesukwa kama kikapu kirefu, na kila mlima una yake, inatunzwa kwa zamu katika nyumba mojawapo. Ndiyo inayowapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali. Kabla ya kumgusa walisimama mbele yake kwenye mvua, wakainama kidogo, wakapiga makofi laini ya salamu kama wanavyosalimiana huko, taratibu, bila haraka yoyote. "Mwakeye, mama. Mwakeye." Mama alijaribu kuwajibu kwa makofi yale yale, akiwa amekaa kwenye tope. Kisha wakamlaza, wakamfunika majani ya mgomba, wakamwinua mabegani na kuanza kupanda.

Mimi nilikuwa nimeshakaa karibu miaka mitatu katika mkoa ule na sikuwahi kuona jambo hili, kwa sababu nilikuwa nasafiri wakati mzuri tu. Utaratibu wenyewe ni kwamba watu wa mlima mmoja wanabeba mpaka kijitoni. Ukishavuka, ni zamu ya watu wa mlima unaofuata, nao huwa wameshasikia sauti na wanangoja ng'ambo. Na yeyote anayekutana na machela njiani anaacha alichokuwa akifanya, anaweka bega. Hakuna anayemwomba. Tulikutana na mtu aliyekuwa anakwenda sokoni na mbuzi. Alimfunga mbuzi kwenye mti, akapokea mpini kutoka kwa aliyechoka, akatembea nasi mpaka chini kabisa. Tulikutana na wawili wenye majembe, wakayaegemeza kwenye mgomba wakaingia. Katika kijito daraja la magogo lilikuwa limefunikwa na maji, wakaivusha ile machela juu ya vichwa vyao, maji yakiwafika vifuani, mmoja akihesabu hatua kwa sauti. Bwana shamba alikuwa mmojawapo chini yake. Mimi nilivuka nimeshika kamba, roho juu.

Mama alikuwa anauliza maswali kutoka ndani ya majani. Nilimsikia.

"Huyu wa mbuzi ni ndugu yenu?"

"Hapana, mama," alijibu bwana shamba, akihema.

"Jirani?"

"Hapana. Huyu simjui."

"Na mbuzi wake ataliwa na fisi."

"Kuna mtu atamwangalia."

"Nani?"

"Atakayepita," alisema bwana shamba.

Tulipofika, mambo yalikuwa kama nilivyoyaandika kwenye barua, na mengine mabaya zaidi. Paa lilikuwa linavuja mahali pengi, na mama yake bwana shamba alikuwa anahamisha vyungu kutoka tone hili hadi tone lile huku akitukaribisha. Aliona aibu mpaka hakuweza kutazama mtu. Unga wa mahindi ulikuwa umekwisha. Alitupikia ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha huko, akatia mawese, akaomba radhi. Kila alipoweka kitu chini aliomba radhi. Mama alikula, akaomba kuongezwa sombe. Nilidhani anafanya adabu. Siku ya pili akaomba tena, siku ya tatu akaomba afundishwe inavyotwangwa.

Tulikaa siku kumi, kwa sababu mguu haukukubali. Mama mwenye nyumba aliukanda kila asubuhi kwa maji ya moto na majani ambayo jina lake sikulijua, akibonyeza kwa dole gumba, na mama akikunja uso bila kulalamika. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha kuokoteza, na cha mama yangu kilijaa Kisambaa, lakini walizungumza kutwa nzima. Watu walikuja kumwona mgonjwa. Mwezi ule kila nyumba ilikuwa inabana chakula, na bado kila aliyekuja alikuwa na kitu chini ya jani: viazi vitano, maharage ya kikombe kimoja, hindi changa. Waliviweka penye kona bila kuvitaja, wakapiga makofi yao, wakakaa, wakaondoka. Wengine niliwatambua kwa mabega yao. Hata yule wa mbuzi alikuja. Mama akamwuliza habari za mbuzi, akaambiwa hajambo.

Kuhusu jibu langu hakusema neno. Aliendelea kumtazama bwana shamba usoni na kumgombeza: mbona chai hanywi, mbona kuni amezipanga kwenye unyevu, mbona anavaa shati hilo moja. Alimwona akipanda juu ya paa na majani makavu ya migomba kuziba matundu, akamwelekeza kwa kidole kutoka chini kama fundi mkuu. Mimi nilikuwa nahesabu kila mkunjo wa uso wake. Nilikonda kweli siku zile.

Siku ya nane, mchana, mvua ikipiga, tulikuwa jikoni wawili tu tukipukuchua maharage ya mbegu, yale majirani wanayokopeshana. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, si nilikuandikia usije Machi?"

"Uliandika," alisema. "Barua yako niliisoma mara mbili. Juni ukurasa mmoja, Machi kurasa tatu. Nikajua unachokificha kiko Machi."

Nilitaka kujitetea, akanipa ungo nipepete.

"Mama yangu alipokwenda kutazama nyumba ya baba yako," aliendelea, "alikwenda kipindi ambacho chakula kimekwisha. Mavuno yakiwa ndani kila mtu ni mtu mwema. Hata mlevi huwa anagawa. Ningekuja Juni ningepanda lori mpaka mlangoni, ningekunywa pombe, ningeona mawingu yanavyopendeza. Kisha ningerudi nyumbani nikakaa macho, najiuliza mwanangu akiugua Machi atabebwa na nani."

Alichagua maharage mabovu matatu akayatupa nje, akasema mvua ya kwetu ni nyembamba kuliko hii. Nikaona bado anapima, na kwamba mimi sina la kuongeza. Kitu cha ajabu ni kwamba hofu ilianza kunipungua. Nilimwangalia mama ameketi kwenye kigoda cha watu, mguu wake umefungwa kitambaa cha watu, na nikajisikia nina raha, hata kabla ya jibu.

Siku ya kumi tukasikia kwamba lori litashuka kutoka Manyovu kwenda Kasulu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika na bonde lote lilikuwa linatoa mvuke. Mama mwenye nyumba alimfungia mama sombe iliyokaushwa na chupa ya mawese, wakaagana wakashikana mikono muda mrefu, wakaachana, wakashikana tena. Mama alitoka akijikongoja kwa fimbo, safari hii bila kubishana, na mimi nikamfuata kwenye kinjia kinachoshuka barabarani. Bado alikuwa hajanijibu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitamwuliza tukifika Kasulu, na kwamba nikijibiwa hapana nitabishana naye kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Bwana shamba alikuwa ametangulia kusimamisha lori. Tukamwona anapanda kuja kutupokea kikapu, anacheka, matope mpaka magotini.

Mama alisimama. Akaivuta kanga yake ya juu, akajifunika uso mzima, akageuka akampa mgongo, na kwa ule mguu wake mbovu akatoka kwenye kinjia akaingia kwenye majani yaliyolowa, akasimama huko, akimwachia njia yote.

Kwetu, kwa wanawake wa rika la mama, mtu hatazamani usoni na mume wa binti yake. Akikutana naye hujifunika na kumpisha, maisha yake yote. Kijana wa kawaida hapishwi. Hugombezwa kuhusu kuni na shati.

Bwana shamba alikuwa hajui desturi hii, maana kwao heshima ya mkwe ina sura nyingine. Aliganda pale alipo, kicheko kikamwisha. Alinitazama, akautazama mgongo wa mama, akanitazama tena.

"Nimemkosea nini mama?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Nilimsukumia kikapu kifuani.

"Beba," nilimwambia. "Na usimtazame."